Nyumba ya zamani ya Annexe: ukuta unaonekana, karatasi je?

Bandugu, wakubwa na wadogo mlio bado ku kampasi, leo sitaongea juu ya mahindi wala mbolea. Nataka kuongea juu ya nyumba. Mimi na yaya wangu tuko na miezi mitatu tunajiuliza kama tununue nyumba moja ya zamani huku Annexe, upande wa Kasapa. Ni nyumba ya matofali ya kuchoma, ilijengwa mbele ya uhuru. Ina veranda ndefu, vyumba vinne, manjanja yaliyoliwa na kutu, milango iliyoliwa na mchwa. Parsele yake ni pana kuliko zile zinazokatwa leo. Ina miembe miwili na kisima, na nyuma kuna kile kijumba cha vyumba viwili ambacho Wazungu waliita boyeri. Wenyewe wanaomba dola 18.000. Komisionere anatuambia: «Kwa hiyo makuta, mu Golf utapata choo.» Anatia chumvi, lakini si sana.

Pesa zetu ni za misimu minne ya mahindi na za duka la yaya. Zikipotea, hakuna nyingine. Ndiyo maana, kabla ya kutoa hata dola moja, niliamua kusoma: si bei za simenti tu, bali historia ya hii ardhi tunayokanyaga. Nimeona kwamba nyumba ya zamani ya hapa kwetu inauzwa pamoja na karatasi za tawala zote zilizopita juu yake, na kazi ngumu ya mnunuzi ni kujua karatasi gani ingali hai na gani ilikufa zamani.

(Neno moja kwa wanachama walioko Dar na Nairobi: hapa Lubumbashi, mtu akikuambia «nataka kuuza nyumba», maana yake anataka kuinunua. Anayetaka kuitoa anasema «kuuzisha». Mkija kutafuta parsele, shikeni hilo mapema. Katika andiko hili nitasema kununua, ili tusipotezane.)

Tuanze mbali kidogo. Tarehe 1 Julai 1885, serikali ya mfalme Leopold II ilitoa amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni ya serikali. «Isiyo na mwenyewe» ilitamkwa na watu ambao hawakuwahi kuuliza Walamba wa hapa shamba la mtu linaishia wapi, wala kwa nini linaachwa miaka kadhaa lipumzike. Sisi wa agronomia tunajua: shamba lililopumzishwa lina mwenyewe. Mwaka uliofuata, 1886, Leopold akachukua mfumo wa Robert Torrens uliozaliwa Australia ya Kusini mwaka 1858. Katika mfumo huo serikali inashika kitabu, na yule aliyeandikwa ndani ya kitabu ndiye mwenye haki. Mnunuzi hahitaji kuchimba historia yote ya nyuma. Anaangalia kitabu, basi. Wazo lenyewe ni zuri, na mpaka leo sertifika zetu ni watoto wa mfumo huo. Shida ni kwamba kitabu kilifunguliwa baada ya watu wa hapa kufutwa.

Katika Katanga, aliyegawa ardhi tangu 1900 alikuwa Comité Spécial du Katanga. Union Minière ikazaliwa 1906. Mwaka 1910 reli ikafika kutoka kusini, Emile Wangermée akachora mji wa Elisabethville, na katikati ya 1911 shaba ya kwanza ikatoka katika tanuru ya Lubumbashi. Mji wa mgodi unahitaji kula. Edmond Leplae, mkuu wa kilimo katika wizara ya makoloni kule Brussels, alitaka Wabelgiji waje kulima pembeni ya mji, kila familia na shamba lake. Wengi waliochukua mashamba kabla ya vita ya 1914 waliyaacha. Udongo mwekundu wa huku unadanganya macho: rangi nzuri, chakula kidogo ndani yake. Halafu kuna miezi sita bila tone la mvua. Unga mwingi wa wafanyakazi ukaendelea kuja kwa treni kutoka Rhodesia. Lakini desturi ya shamba la Mzungu pembeni ya mji ilibaki, pamoja na nyumba za matofali zenye veranda na mistari ya mikaratusi. Ukitembea Annexe leo ukaona mikaratusi iliyopangwa kama askari katikati ya nyumba za jana, ujue huenda kulikuwa na shamba hapo. Hata jina la komini yetu linasema: Annexe, kitu kilichobandikwa pembeni. Inazunguka zile komini nyingine sita kama pete, nusu mji, nusu kijiji.

Na mtu mweusi alilala wapi? Katika kambi ya kampuni, katika site, ama katika boyeri nyuma ya nyumba ya bwana. Union Minière kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 ilianza kuweka wafanyakazi pamoja na wake na watoto, lakini ile nyumba ilikuwa ya kampuni: kazi ikiisha, funguo unarudisha. Katika site, mtu alipewa livreti ya kukaa. Ilimpa haki ya kuishi pale, haikumpa ardhi. Miaka ya 1950, Katuba ilijengwa kwa mikopo, na wazee wa kule mpaka leo wanaita nyumba zao «fondavansi». Mwaka 1953 ndipo dekreti ikamfungulia Mkongomani mlango wa kumiliki ardhi kwa jina lake, miaka saba tu kabla ya uhuru. Mtu akitaka kusikia sauti ya waliolala katika boyeri, atafute historia ya Elisabethville ambayo André Yav aliandika mwaka 1965 kwa Kiswahili chetu, kwa ajili ya chama cha waliokuwa maboyi. Hakuna profesa aliyewasaidia, na kwangu ni moja ya vitabu vya lazima vya mji huu.

Sasa nyumba yenyewe. Niliingia na kisu kidogo na fundi masoni wa kwetu, mzee mwenye mikono kama mizizi. Yeye aligonga kuta, mimi nilichoma mbao. Kuta zimepona. Matofali yanalia vizuri ukiyagonga, na ufa mkubwa mmoja tu unashuka kutoka dirisha la nyuma. Katikati ya matofali hakuna simenti, ni udongo. Fundi akaeleza kwamba ndivyo walivyojenga mashambani: simenti iliwekwa kwenye msingi na nje kidogo, ndani ni udongo wa kichuguu. Hapo nilifurahi, kwa sababu vichuguu ndiyo somo langu. Vile vilima vikubwa vya Haut-Katanga ni kazi ya mchwa anayeitwa Macrotermes falciger. Vinaweza kufika mita 8 kwenda juu, na katika hekta moja utahesabu vitatu, vine, hata vitano. Mchwa anapandisha udongo laini wa chini na kuufinyanga, na ndani yake unakuta mfinyanzi na chokaa kuliko udongo wa pembeni. Ndiyo maana nusu ya mji huu imejengwa kwa vichuguu. Nyuma ya parsele hiyo kuna shimo pana lenye nyasi. Ndipo kilipokuwa kichuguu kabla ya kugeuka nyumba.

Lakini huyo huyo mchwa aliyetoa ukuta ndiye anayekula paa. Mbao tatu kati ya kumi zilikubali kisu kama mkate. Anapanda ndani ya vile vijia vya udongo, anabeba selulozi mpaka chini, anailisha uyoga wake, na mvua ya kwanza ikinyesha anaturudishia nswa za kukaanga. Fundi alihesabu: paa lote lishushwe, mbao mpya zenye dawa, manjanja mapya, milango na madirisha, nyaya za umeme zote, choo. Juu ya ukuta alikataa kabisa simenti nzito: «Hii ukuta inapumua. Ukiifunika na simenti, maji itabakia ndani, itakula udongo.» Anataka chokaa. Paa la boyeri ni eterniti ya zamani, na eterniti ya wakati ule ina amyanti ndani. Hiyo haivunjwi kwa nyundo ikiwa kavu, wala haitupwi katika shimo la mbolea. Jumla yake ilifika dola 8.500. Na mimi nitataka kupima udongo kabla ya kupanda lengalenga, kwa sababu pepo za kusini-mashariki zilisukuma moshi wa tanuru upande huu wa kaskazini-magharibi kwa miaka mingi. Penga Penga wanajua hiyo habari vizuri kutushinda.

Sasa ongezeni 8.500 juu ya 18.000. Yaya alisema bado ni bei nzuri, na kwa hesabu ya matofali ana haki. Kodi anayolipa sasa, kwa miaka kumi, inakaribia pale pale, na mwisho wa hiyo miaka hana hata mlango. Mimi nikasema tuone karatasi.

Walituletea bahasha moja. Ndani kulikuwa na vitu vitatu. Kwanza, kopi ya sertifika ya wakati wa ukoloni, katika jina la Mzungu mwenye shamba. Pili, barua ya mwaka 1974 inayompa nyumba marehemu mzee wao. Tatu, risiti za kodi, nyingi, zimefungwa na kamba. Baadaye jirani mmoja akatuonyesha ya nne ambayo haikuwa ndani ya bahasha: karatasi ya upande wa chifu, ya sehemu ya nyuma ya parsele, katika jina la mtu mwingine kabisa.

Ili kuzisoma hizo karatasi unahitaji miaka miwili kichwani: 1966 na 1973. Tarehe 7 Juni 1966 ilitoka sheria Bakajika, iliyorudisha kwa serikali ardhi na haki zote zilizogawiwa kabla ya 30 Juni 1960. Tarehe 20 Julai 1973 ikaja sheria kubwa ya ardhi. Artikele yake ya 53 inasema ardhi ni mali ya serikali peke yake, haiuziki, na haipotei hata miaka ikipita mingi namna gani. Mkongomani anapewa haki ya kudumu ya kuitumia, na matofali aliyojenga juu yake ni yake. Artikele ya 219 inaongeza kwamba hiyo haki ya kutumia inathibitishwa na sertifika tu. Someni tena neno «tu». Wengi wetu tunasema «nimenunua parsele» wakati tumenunua nyasi na maneno ya mtu.

Miezi minne baadaye, 30 Novemba 1973, Mobutu akatangaza zairianizasyo. Maduka, mashamba na nyumba za biashara za wageni zikagawiwa wananchi. Hapa Lubumbashi Wagiriki, Waitaliano, Wareno na Wabelgiji wakaamka na kukuta mwenye duka ni mwingine. Wengine waligawiwa kwa sababu walijua kazi, wengine kwa sababu walijua mtu. Mambo yalikwenda vibaya kiasi kwamba mwaka 1976 serikali yenyewe ikaanza kuwarudishia wa zamani sehemu ya mali zao. Kwa hiyo barua ya 1974 inaniuliza maswali mawili. Je, mzee alipeleka ile barua kwa konservatere ikageuka sertifika katika jina lake? Na je, kati ya 1976 na leo, yule wa zamani ama watoto wake walirudishiwa kitu? Katika bahasha hakuna jibu la kwanza wala la pili. Sertifika ya Mzungu peke yake haiwapi watoto wa mzee haki ya kuuzisha. Barua peke yake ni mwanzo wa njia tu. Risiti za kodi zinaonyesha kwamba mzee alikuwa raia mwema anayelipa.

Ile karatasi ya nne ndiyo ugonjwa wa Annexe nzima. Sheria ya 1973 ilisema ardhi za jamii za kienyeji zimekuwa za serikali, na artikele ya 389 ikaahidi kwamba ordonansi ya Rais itapanga haki za wale wanaokaa juu yake. Wanasheria wetu walizeeka wakiingoja hiyo ordonansi. Katikati ya ahadi na ordonansi, mji ulikua. Chifu anajua kwamba ardhi ni ya babu zake, komini inajua kwamba ni ya serikali, na mtoto wa watu amekwisha kumwaga msingi. Mimi siwacheki wanaonunua kwa chifu. Ukirudi nyuma mpaka 1885, chifu ana hoja nzuri kuliko wengi. Lakini mbele ya hakimu, hoja na sertifika haviketi kiti kimoja.

Katika bahasha hamkuwa na jina la mama. Mzee alikufa, watoto ni watano: watatu wako hapa, mmoja Kolwezi, mmoja ng'ambo. Wote tulioongea nao walisema «nyumba ni yetu sisi batoto». Siku ya kupima tulimkuta mama yao kwenye veranda, anachambua maharagwe. Nilimsalimia, akanipa kiti, nikamuuliza kama amekubali. Akanitazama muda.

«Batoto banasema banauzisha. Miye hakuna mwenye aliniuliza. Weye njo wa kwanza.»

«Na mama utaenda wapi?»

«Banasema nitakaa kwa mukubwa, miezi tatu, halafu kwa mwingine. Kama valizi.»

Kodi ya familia, sheria ya 1 Agosti 1987 iliyorekebishwa mwaka 2016, iko wazi kwa jambo hili. Watoto wanachukua robo tatu za urithi. Lakini mjane ana haki ya kuendelea kuishi katika nyumba ambamo walikaa na mume wake, na nusu ya matunda ya ardhi inayoizunguka. Anaipoteza akiolewa tena. Mama huyu ana miaka zaidi ya sabini, miembe yote miwili aliipanda yeye, na hana mpango wa kuolewa. Tukinunua bila yeye, tunanunua kesi. Hata kama kesi isingekuja, sijui ningelala vipi katika chumba kile. Yaya, ambaye mpaka siku ile alikuwa anasukuma tununue haraka mbele ya mtu mwingine, ndiye aliyesema njiani: «Ile maneno ya valizi, sitaisahau.» Tangu hapo hajataja tena mtu mwingine.

Wengine katika familia yetu wanasema tuache kabisa, tununue parsele tupu mbali, tujenge vyumba viwili taratibu. Ni shauri la maana. Lakini parsele tupu nayo ina historia yake, na mara nyingi ndiyo inayouzishwa kwa watu watatu katika mwaka mmoja, kwa sababu hakuna anayelala juu yake. Katika nyumba hii angalau najua ni nani aliyelala tangu 1974. Katika sheria hiyo ni kitu, hata kama si kila kitu. Na matofali yale hayachomwi tena namna ile: leo kuchoma tanuru moja ya matofali ni kumaliza kipande cha miombo, na miombo iliyobaki karibu na mji mnaijua.

Kwa hiyo tuliwaandikia warithi jibu, kwa maandishi, na saini zetu mbili. Tunatoa 14.000, si 18.000, kwa sababu ya paa. Hatutoi avansi. Warithi wenyewe waende kwanza kwa konservatere, waulize kitabu kinasema nini juu ya namba ile, na kama njia iko wazi watoe sertifika katika jina lao, wote watano, hata yule wa ng'ambo kwa prokirasyo. Ile sehemu ya nyuma yenye karatasi ya chifu ikatwe nje ya mkataba mpaka ijulikane. Na mama anabaki na vyumba viwili vya mbele na miembe yake mpaka mwisho wa maisha yake, jambo hilo liandikwe mbele ya notere, na yeye mwenyewe atie saini. Sisi tutakaa vyumba vya nyuma, boyeri itakuwa stoo ya mbegu.

Komisionere alicheka, akasema hakuna mtu anayenunua nyumba pamoja na mwanamke mzee ndani. Mtoto mkubwa alikubali siku ile ile. Wa Kolwezi amekataa: anasema bei ni ndogo, na habari ya vyumba viwili ni kuingilia mambo ya familia yake. Wawili wanangoja wenzao. Tumewapa mpaka mwisho wa Oktoba. Baada ya hapo mvua inaanza, na paa lile halitavuka msimu mwingine.

Juma lijalo nitaenda na jeometre kupima mipaka. Jiwe la kona ya nyuma halionekani, watoto hawalijui. Mama anasema liko, limefunikwa na mizizi ya mwembe wa pili, na yeye atatuonyesha pa kuchimba.